Yaliyoandikwa Ubavuni mwa Kontena

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, akiwa hana haraka na akiwa na macho ya kutazama, hatakosa kuona, karibu na mizani ya Vigwaza, malori yashukayo kutoka Tunduma kuja pwani yakiwa na mzigo ambao kwa kuutazama ni haba mno: mabunda machache ya shaba, yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, yamelala juu ya tela refu huku nafasi kubwa ikibaki wazi mbele na nyuma, hata asiyejua hudhani kwamba mwenye gari amepata hasara ya safari nzima. Walakini gari hilo limejaa. Shaba itokayo Kolwezi na migodi ya kaskazini mwa Zambia ina uzito wa takriban mara tisa ya maji, na tani 25 zake, ambazo ni kadiri ya zinazotiwa katika kontena moja la futi 20, hazichukui hata mita tatu za ujazo, ilhali kontena lenyewe lina nafasi ya mita za ujazo 33. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za sanduku hilo zitavuka bahari zikiwa hewa tupu, na bado winchi itakayolinyanyua gatini itaguna.

Nilikwenda kutazama kazi ya kupakia shaba hiyo katika uwanja mmoja wa bandari kavu jijini, mahali ambapo mabunda yaliyosafiri wazi barabarani hupangwa ndani ya makontena kabla ya kutwaliwa na meli, na kilichonipeleka ni fikira moja iliyokuwa imenikaa moyoni kwa muda mrefu: kwamba tangu sanduku hili la feleji lilipoenea duniani, watu wote waubebao mzigo wameacha kuuona. Zamani haikuwa hivyo. Nahodha wa jahazi, akipakia Malindi ya Unguja au Bandari ya Kale ya Mombasa, alisimama shetrini akatazama kila robota na kila gunia likishuka ngamani. Aliijua farumi yake, aliamuru kizito kitangulie chini na chepesi kikae juu, na chombo kilipolala upande mmoja kwa kadiri ya shubiri alihamisha mzigo kabla ya kutweka tanga. Harufu ya ngama yenyewe ilimwambia kama amebeba karafuu, papa au mafuta ya nazi. Hakuhitaji cheti cha mtu, maana macho yake na pua yake vilikuwa cheti.

Mambo hayo yalianza kugeuka tarehe 26 Aprili 1956, siku ambayo Malcom McLean, Mmarekani aliyechuma mali yake katika biashara ya malori, alituma meli iitwayo Ideal X kutoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 juu ya sitaha yake, na mahamali wa bandarini wakayaona yakipakiwa moja baada ya jingine pasipo mkono wa mtu kugusa kilichomo ndani. Faida yake kwa biashara haikadiriki, nami sina nia ya kuikana. Lakini kuanzia siku hiyo mwendesha winchi, dereva, baharia na nahodha wamekuwa wakibeba siri ya mtu mwingine, na roho zao zimewekwa katika amana ya maneno machache yaliyoandikwa ubavuni mwa sanduku na katika karatasi zinazofuatana nalo. Maneno hayo yakiwa kweli, hulala salama. Yakiwa uongo, hawana njia ya kujua mpaka msiba uwafikie.

Basi na tuyasome maneno yenyewe. Mlangoni pa kontena, upande wa kulia juu, pana herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza zamtaja mwenye mali, ya nne aghalabu ni U, alama ya kontena la shehena, kisha zafuata tarakimu sita za namba yake, na mwisho kabisa tarakimu moja iliyozungushiwa kisanduku, ambayo wengi huipita bila kuijali. Hiyo ndiyo mlinzi wa nyingine zote. Kila herufi imepewa thamani yake ya hesabu. Thamani hizo na zile tarakimu huzidishwa kwa moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, na kuendelea hivyo kwa kuongeza maradufu. Jumla yake hugawanywa kwa kumi na moja, na baki lake ndilo linaloandikwa kisandukuni. Twaa mfano wa CSQU 305438: jumla ni 6,185, na baki ni 3. Karani aliyechoka akigeuza tano na nne akaandika 304538, jumla itakuwa 6,249, baki litakuwa 1, na kosa litajulikana papo hapo, kabla kontena la mtu wa Lubumbashi halijapelekwa kwa mtu wa Lusaka. Mimi, niliyepata kuwa karani katika ujana wangu na kuonja adhabu ya tarakimu zilizopishana, niliipenda hesabu hiyo mara tu nilipofafanuliwa.

Chini yake yameandikwa mambo ya uzito. Katika kontena nililosimama mbele yake, uzito wa juu kabisa ulikuwa kilo 30,480, uzito wa sanduku tupu kilo 2,230, na tofauti ya viwili hivyo, kilo 28,250, ndicho kikomo cha mzigo. Na chini ya mlango wa kushoto pamegongomewa kibamba cha chuma, upana wake sentimita 20 na kimo chake 10, kinachotakiwa na mkataba wa kimataifa wa usalama wa makontena uliofanywa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1977. Kibamba hicho chaeleza mwaka sanduku lilipoundwa na uzito linaoweza kuubeba kichwani mwake mengine yakirundikwa juu yake, na huthibitisha kwamba limekaguliwa. Maana ni sharti likaguliwe kabla ya kutimiza miaka mitano, kisha kila miezi 30, ama liwe chini ya utaratibu wa ukaguzi wa kudumu uliokubaliwa na serikali. Nguvu yote ya kontena imo katika nguzo zake nne na pembe zake nane. Kuta na dari ni bati lililokunjwakunjwa, jembamba kuliko wengi wadhanivyo, na hili tutalirejea.

Msimamizi wa uwanja alikuwa mzee mwenyeji wa Tanga, aliyeanza kazi za gati katika siku za makuli na magunia. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akaniuliza kama naogopa giza.

"Siogopi, mzee wangu."

"Basi ingia, mwanangu, tufungiwe."

Tuliingia katika kontena tupu, vijana wakafunga milango yote miwili na kukaza komeo. Joto likapanda mara moja, harufu ya mbao kuukuu na ya kahawa ya safari iliyopita ikatoka sakafuni, na kwa kitambo sikuona hata mkono wangu. Kisha macho yalipozoea, mzee akanielekeza juu ya pembe ya kushoto, nami nikaona nukta moja ya mwanga, ndogo kuliko punje ya mtama, mahali ambapo kutu ilikuwa imetafuna bati chini ya rangi.

"Nyota hiyo unaiona? Baharini maji hayabishi hodi mlangoni. Hapo panayatosha."

Tulipofunguliwa, kijana mmoja alimsihi kwa adabu kwamba shaba si kahawa, haiozi kwa tone la maji, na kontena jingine lilikuwa mbali. Mzee hakupandisha sauti. "Leo shaba, kesho kahawa, na kutu haitangoji kesho. Mwenyewe arudishiwe, alizibe." Akalichora msalaba wa chaki mlangoni, na kazi ikasimama karibu saa nzima mpaka jingine lilipoletwa, likafungiwa watu ndani, na likaonekana halina nyota.

Upakiaji wa shaba ni kazi ya subira. Sakafu ya kontena ni mbao za tabaka tabaka zenye unene wa milimita 28 hivi, zimelazwa juu ya vyuma vinavyokwenda upande kwa upande, na bunda moja la shaba, likikaribia tani mbili na nusu ilhali eneo lake halizidi sana mita moja ya mraba, laweza kuielemea sakafu hiyo mahali pamoja kuliko ilivyokusudiwa. Kwa hiyo hutangulizwa magogo ya mbao yaliyolazwa kwa urefu, ili uzito wa kila bunda usambae juu ya vyuma kadhaa kwa pamoja. Hata magogo hayo yana cheti chao: ni lazima yawe yamepashwa moto mpaka kiini cha mbao kikafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa muda wa dakika 30, yasije yakahamisha wadudu wa nchi moja mpaka misitu ya nchi nyingine, na mhuri wa jambo hilo huchomwa juu ya mbao. Mzee alimkataza kijana kutumia gogo moja zuri, nene, lililonyooka, kwa sababu halikuwa na mhuri.

Foklifti ikaingia na bunda la kwanza, polepole, dereva akiwa ameinamisha kichwa kando ya mlingoti, na mzee akitembea nyuma nyuma mbele yake, mkono mmoja umeinuliwa. Mabunda kumi yaliwekwa mawili mawili kwa urefu wa sanduku, si mbele kabisa wala mlangoni, yakigawanywa kwa namna ambayo kitovu cha uzito hakiwezi kupotoka katikati kwa zaidi ya asilimia 5 ya urefu wake. Halafu ikaja kazi ya kukaza, nayo ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mtu huona tani 25 zimetulia sakafuni akasema, nani atakayezisogeza? Jibu limo katika mwongozo wa kimataifa wa upakiaji wa makontena uliotolewa mwaka 2014: dereva afungapo breki kwa ghafula, mzigo hutaka kwenda mbele kwa nguvu iliyo sawa na asilimia 80 ya uzito wake, yaani kwa shaba hii tani 20, na katika bahari chafu, meli inapoyumba, nguvu kama hiyo hiyo huusukuma upande kwa upande, si mara moja bali usiku kucha. Ukuta wa mbele wa kontena hupimwa kwa asilimia 40 tu ya mzigo wake, na wa ubavuni kwa 60. Auachiaye ukuta kazi ya kuzuia shaba ameuachia ukuta kazi isiyo yake. Vijana walikata mbao, wakazikingamiza baina ya mabunda na nguzo za pembeni, wakapigilia misumari, wakakaza mikanda kutoka vikuku vya sakafuni mpaka ilipolia ilipogongwa kwa nyundo.

Nimekwisha kuona kinyume cha hayo. Katika uwanja mwingine, ambao sitautaja, nilishuhudia kontena likifunguliwa baada ya safari fupi ya lori mjini tu, na mashine moja nzito, iliyokuwa imekazwa kwa kamba ya katani, imelala kifudifudi juu ya mlango, hata mlango ukawa umetokeza nje kama tumbo. Mtu aliyeufungua aliokolewa na wepesi wa miguu yake. Aliyepakia hakuwapo, hakuuona mlango ule, wala hakumjua mtu huyo.

Katika uzito, udanganyifu ulikuwa mwingi mno mpaka dunia ikalazimika kutunga sharia. Tarehe 18 Januari 2007, katika mlangobahari baina ya Uingereza na Ufaransa, meli MSC Napoli ilipasuka kwa dhoruba, mabaharia wake 26 wakaihama wakaokolewa, na meli ikaburutwa mpaka maji mafupi karibu na kijiji cha Branscombe. Wachunguzi walipoyapima makontena yapatayo 660 yaliyokuwa sitahani na hayakuingia maji, waliona kwamba 137, yaani moja katika kila matano, yalitofautiana na uzito ulioandikwa kwa zaidi ya tani 3. Lililozidi yote lilipishana kwa tani 20. Udanganyifu huo haukuwa sababu pekee ya kuvunjika meli ile, kwani mwili wake ulikuwa na udhaifu wake. Lakini je, nahodha aliyekadiria nguvu za meli yake kwa hesabu ile alikuwa amekadiria nini? Tangu tarehe 1 Julai 2016, kwa mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, kontena lililopakiwa haliruhusiwi kupanda meli mpaka mwenye mzigo athibitishe uzito wake kwa saini, ama kwa kulipima lote kwenye mizani, ama kwa kupima kila kitu kimoja kimoja, pamoja na mbao na mikanda, na kuongeza uzito wa sanduku tupu. Makisio hayakubaliki.

Na shaba, pamoja na uzito wake wote, ni mzigo mpole, kwani haina sumu ya kumwagika wala hailipuki. Njia iletayo shaba pwani ndiyo ipelekayo bara mizigo mingine ya migodi, na humo upambanuzi wa aina ya shehena huwa jambo la kufa na kupona. Kanuni za kimataifa za kubeba vitu vya hatari baharini, zilizokuwa lazima kuanzia mwaka 2004, zimevigawa vitu hivyo katika makundi tisa, kuanzia baruti mpaka vile visivyopata pa kuingia penginepo. Namba ya kundi si cheo cha ukali, kama baadhi ya watu wadhanivyo, bali ni jina la tabia: kundi la 3 ni vimiminika viwakavyo, la 6 ni sumu, la 8 ni tindikali na vitu vilavyo chuma na nyama. Ukali wenyewe huonyeshwa kwa madaraja matatu, na la kwanza ndilo la hatari kubwa.

Fikiri juu ya sodiamu sianidi, chumvi nyeupe itumiwayo na migodi ya dhahabu ya kanda ya Ziwa kutenga dhahabu na mawe. Namba yake ya Umoja wa Mataifa ni 1689, kundi lake ni sumu, daraja lake ni la kwanza. Ikiwa kavu na imefungwa vema, husafiri kwa salama miaka nenda miaka rudi. Ikikutana na tindikali, hutoa gesi ya kuua kwa pumzi chache. Basi mpakiaji anayeandika kwenye karatasi neno "kemikali" na kunyamaza, akaacha kontena lake liwekwe bega kwa bega na la tindikali, ametenda nini? Kibandiko cha mraba kilichosimama kwa pembe, chenye upande wa milimita 250, hubandikwa katika pande zote nne za kontena ili hata mzimamoto asiyejua lugha ya mwenye mzigo ajue, kutoka mbali, amsogelee nani na amwepuke nani.

Mapipa nayo yana maandishi yake. Ukiinama kutazama pipa la chuma la kiwandani utaona alama zilizogandamizwa: 1 maana yake pipa, A maana yake feleji, na 1 nyingine kwamba kifuniko chake hakibanduki. Herufi ifuatayo, X, Y au Z, yasema pipa la namna hiyo lilijaribiwa kwa kuangushwa likiwa limejaa: X kutoka kimo cha mita 1.8, Y mita 1.2, Z sentimita 80, na kwamba halikuvuja. Ni X peke yake iwezayo kubeba daraja la kwanza la hatari.

Kilichotokea katika Bahari ya Hindi mwaka 2021 bado kinaniuma. Meli X-Press Pearl, yenye makontena 1,486, ilipakia Jebel Ali, bandari ambayo wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Mombasa waijua kama mlango wa nyumba zao, na humo mlikuwa na tani 25 za tindikali ya nitriki. Kontena lake likaanza kuvuja. Bandari ya Hamad na ile ya Hazira zilikataa kulishusha. Meli ikaendelea mpaka mbele ya Colombo, na tarehe 20 Mei ikashika moto. Chembe za plastiki zisizohesabika zikafunika fukwe za Sri Lanka, na wavuvi, watu kama wavuvi wetu wa Kilwa na Lamu, wakazuiwa kuvua katika maji yao wenyewe.

Liko jambo moja lituhusulo sisi tusiofanya kazi bandarini. Katika kanuni hizo, pipa tupu lisilosafishwa huhesabiwa kama lingali limejaa, huachiwa vibandiko vyake vyote na hubebwa kwa hadhari ile ile. Katika mtaa nilikokulia, mapipa ya namna hiyo yaliuzwa hadharani, vibandiko vimekwanguliwa kwa kisu ili yapate bei, na jirani yetu mmoja alinunua la plastiki la buluu akalitia maji ya kunywa. Kwa wiki mbili maji yake yalinuka dawa, mpaka mama yangu alipomshika mkono wakalimwaga pamoja. Hatukujua wakati ule, na hata leo hatujui, lilikuwa na nini, kwa kuwa aliyekwangua kibandiko alitunyang'anya jina la kitu tulichokuwa tukikinywa.

Jua lilikuwa limeanza kuinama uwanjani tulipomaliza. Mzee aliingia peke yake ndani ya kontena, akaipiga mikanda nyundo mara ya mwisho, akatoka, akafunga milango. Akatia lakiri, msumari mnene wa chuma wenye namba yake ambao haufunguki ila kwa kukatwa, akaisoma namba hiyo kwa sauti, karani akaiandika, kisha karani akaisoma naye mzee akaitazama tena lakirini. Dereva, kijana mwenye kofia ya kufuma, alikuwa amekwisha kulizunguka lori lake mara mbili.

"Mzee, nimebeba nini?"

"Shaba, vipande kumi, tani ishirini na tano. Pamoja na kontena na mbao zake, tani ishirini na saba na kilo mia nne. Imegawanyika sawa, imekazwa pande zote."

"Ishirini na saba na mia nne," kijana akarudia, akatoa kidaftari mfukoni mwa shati, akaandika. Kisha akaenda nyuma, akaishika lakiri kwa vidole viwili, akaitikisa, akapanda garini.